Sayyid Barghash na taa iliyovuka bahari kuja Mombasa



Juma lililopita stima zilikatika mara tu baada ya sala ya Magharibi, nasi tumekaa barazani Kibokoni. Mji wa Kale ukawa kiza totoro. Kisha dirisha moja likawaka, na la pili, na la tatu. Huyu ana inveta na betri, yule kawasha jenereta ndogo mlangoni na moshi wake unafukuza paka wa mtaa mzima, mwengine anamulika ngazi kwa simu. Kijana mmoja akauliza: hivi ni nani hasa aliyetuletea stima? Kila mtu akawa na jibu lake. Mmoja alisema Mwingereza, mmoja alisema Mhindi, na mwengine akasema zilikuja na reli. Nikamwambia kijana kwamba jibu lake ni refu kuliko kikombe cha kahawa, na nikamuahidi kuliandika. Ahadi ni deni.

Jina la kuanzia ni la mtu ambaye wengi wetu tunalijua kwa majumba yake tu: Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala Zanzibar na mwambao huu kuanzia 1870 hadi 1888. Shirika la umeme la Kenya linapoeleza asili yake huanza na yeye. Husema kwamba mwaka 1875 Sayyid Barghash alipata jenereta ya kuwashia taa kasri lake na njia za karibu, na kwamba mashine hiyo ndiyo iliyokuja kununuliwa na mfanyabiashara wa Mombasa miaka mingi baadaye. Basi maisha ya mtu huyu ni sehemu ya historia ya swichi iliyo ukutani kwako, na ndani yake mna funzo ambalo bado hatujalimaliza.

Barghash alikuwa mmoja wa watoto wengi wa Sayyid Said bin Sultan, yule aliyehamishia makao yake Unguja kutoka Maskati na kuwashinda Mazrui wa Mombasa mwaka 1837. Inasemwa kuwa Barghash alizaliwa mwaka huo huo au karibu na hapo. Mama yake alikuwa Muhabeshi. Alikuwa na akili nyepesi na moyo mgumu, na hakupenda kuwa wa pili. Baba yake alipofariki baharini mwezi wa Oktoba 1856, akirudi Unguja kutoka Omani, Barghash alikuwemo katika safari hiyo. Jahazi lilipofika, alijaribu kuushika mji kabla watu hawajatulia. Hakufaulu. Ufalme wa Unguja ukamwendea nduguye Majid, na Maskati ikabaki kwa Thuwaini.

Miaka mitatu baadaye akajaribu tena. Dada zake Khole na Salme walikuwa upande wake, na Salme, ambaye wakati huo alikuwa msichana wa miaka kumi na tano hivi anayejua kuandika, ndiye aliyekuwa karani wa njama. Salme ameeleza katika kumbukumbu zake jinsi kaka yao alivyotoroka nyumba iliyozingirwa akiwa amejifunika mavazi ya kike, akapita mbele ya walinzi hadi shamba walikojikusanya wafuasi wake. Majid hakuwa na nguvu ya kumtoa huko peke yake. Waliomsaidia ni mabaharia wa Kiingereza na mizinga yao. Barghash akasalimu amri, akapakiwa melini na kupelekwa uhamishoni Bombay.

Ninakuomba msomaji ulikumbuke jambo hili, kwa sababu litarudi. Mara ya kwanza Barghash kuonja nguvu ya mzinga wa Kiingereza, ulikuwa umeelekezwa kwake.

Bombay ya 1859 ilikuwa mji mwengine kabisa na Unguja. Reli ilikuwa imekwisha kuanza kutoka hapo tangu 1853, na nyaya za simu ya maandishi zilikuwa zikipeleka habari kwa muda ambao barua haijatoka hata posta. Barghash alikaa huko takriban miaka miwili, mwana wa mfalme asiye na kazi, mwenye macho. Alichokiona hakukisahau. Ukitazama aliyoyafanya baadaye, maji ya bomba, meli za moshi, matbaa, taa, utaona kwamba mengi ni ya mtu aliyewahi kukaa katika mji mkubwa na kujiuliza kwa nini kwao hakuna.

Alisamehewa akarudi, akakaa kimya hadi Majid alipofariki mwezi wa Oktoba 1870. Safari hii hakuhitaji kutoroka. Alikalia kiti.

Lakini kiti chenyewe kilikuwa na miba. Mwezi wa Aprili 1872 kimbunga kikubwa kiliipiga Unguja. Mikarafuu iling'olewa mashamba kwa mashamba, na meli zake zikazama bandarini. Pemba ilisalimika kwa sehemu kubwa, na ndiyo sababu baadaye karafuu ikawa zaidi ya Pemba kuliko ya Unguja. Mwaka uliofuata Waingereza wakamjia na mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa baharini na kufunga masoko yao. Alikataa. Akaambiwa kwamba manuwari zitaufunga mji usipate kitu. Tarehe 5 Juni 1873 akatia sahihi, na soko la watumwa la Unguja likafungwa.

Hapa lazima tuseme kweli, hata kama inauma. Sahihi ile ilikuwa ya haki ingawa ilipatikana kwa vitisho. Na utumwa wenyewe haukuisha kwa sahihi hiyo: Unguja uliendelea kuwa halali hadi 1897, na huku kwetu mwambao wa Kenya hadi 1907. Pesa zilizonunua taa za Barghash zilikuwa pesa za karafuu na ushuru, na karafuu ile ilichumwa na watu ambao hawakulipwa. Taa ni nzuri, lakini tujue nani aliyelipa mafuta yake.

Sasa tufike mwaka 1875, ambao kwa hadithi yetu ndio kitovu.

Mwaka huo ulianza kwa mizinga hapa hapa Mombasa. Akida wa Ngome, Muhammad bin Abdallah al-Bakshuweni, alimuasi Sayyid Barghash na kujifungia ndani ya Fort Jesus na askari wake. Barghash hakuwa na la kumfanya. Mwezi wa Januari manuwari mbili za Kiingereza zikasimama mbele ya Ngome na kuipiga mpaka akida akasalimu amri, kisha akahamishwa. Kwa hivyo mkono ule ule uliomtoa Barghash Unguja mwaka 1859 ndio uliomrudishia Mombasa mwaka 1875. Wazee wetu husema nguo ya kuazima haisitiri matako. Nguvu nayo ni hivyo hivyo. Alirudishiwa mji, lakini kila mtu, kuanzia Ndia Kuu hadi Lamu, aliona ni nani mwenye mzinga.

Katikati ya mwaka huo akasafiri kwenda Uingereza. Alikutana na Malkia Victoria, akatembezwa katika miji ya viwanda, na kurudi kwake akapitia Ufaransa. Na ni mwaka huo huo ambao historia ya shirika la umeme inautaja kuwa mwaka wa jenereta.

Tuisimamie mashine hii kidogo, maana vijana wa leo wanatumia umeme bila kumjua mama yake. Mwaka 1831 Mwingereza Michael Faraday alionyesha kwamba ukisogeza sumaku karibu na koili ya waya wa shaba, ndani ya waya hupita umeme. Jenereta zote, kutoka ile ya Sayyid hadi mitambo mikubwa ya Kipevu unayoiona ukivuka Makupa, ni jambo hilo hilo: kitu kinazungushwa, sumaku na shaba vinapishana, umeme unatoka. Katika miaka ya 1870 mashine za aina hii zilikuwa ndiyo kwanza zinaanza kufaa kwa kazi, baada ya Zénobe Gramme kuonyesha yake Paris mwaka 1871. Aliyezizungusha alikuwa mara nyingi injini ya mvuke. Ndiyo sababu Kiswahili chetu cha Kenya kina neno moja linalobeba historia yote hii. Babu zetu walisema stima wakikusudia meli ya mvuke. Sisi tunasema stima tukikusudia umeme. Meli imekwenda zake, jina limebaki ukutani.

Taa zenyewe hazikuwa glopu tunazozijua. Glopu ya Edison ilionekana mwaka 1879. Kabla yake taa ya umeme ilikuwa vijiti viwili vya kaboni vilivyokaribiana, na cheche kali ikaruka baina yao bila kukoma. Mwanga wake ulikuwa mkali mno kwa chumba cha kulala. Ilikuwa taa ya uwanja, ya mnara, ya njia, taa ya kumfanya mgeni asimame mdomo wazi. Na mji mzima uliobaki uliendelea na kandili na vibatari.

Kwa nini taa ziliishia kasrini na njia za karibu? Jibu moja ni la siasa, kwamba mfalme huanza na nyumba yake. Lakini lipo jibu la ufundi pia. Umeme wa mashine za zama zile kwa kawaida ulikuwa wa mkondo mmoja, huu ambao mafundi wetu wanauita DC, na wa volti ndogo. Fikiri bomba la maji refu na jembamba: unasukuma mengi mwanzoni, mwisho wake yanatoka matone. Waya nao hula umeme njiani na kuugeuza joto. Mkondo ukizidi mara mbili, hasara huzidi mara nne. Dawa yake ni kupandisha volti ili mkondo upungue, na transfoma ya kufanya hivyo kwa urahisi ilikuja kukamilika miaka ya 1880, nayo inataka umeme wa mkondo geu, AC. Basi hata kama Sayyid angetaka kuiwashia taa Ng'ambo yote, mashine yake isingefika mbali.

Lakini maji aliweza. Jambo hili, kwangu mimi, ndilo bora zaidi alilolifanya. Aliyaleta maji ya chemchemi kwa mabomba hadi ndani ya Mji Mkongwe, watu wakachota bila malipo. Kabla ya hapo mji ule ulikuwa ukiliwa na kipindupindu mara kwa mara. Taa ilimpa sifa, na maji yakawapa watu uhai.

Aliendelea kujenga. Kasri la Maruhubi lilikamilika mwanzoni mwa miaka ya 1880, na Chukwani lake pia lilijengwa. Hamamu za Hamamni ni za zama zake. Aliweka matbaa ya Kiarabu iliyochapa vitabu vya dini na sheria. Aliagizia meli Uskochi, ile Glasgow iliyozamishwa bandarini Unguja mwaka 1896. Mwaka 1879 waya wa simu kutoka Aden ukapita chini ya bahari na kufika Zanzibar, na habari za London zilizokuwa zikichukua wiki nyingi zikawa zinafika kwa saa chache. Mwaka 1883 likasimama Beit al-Ajaib, Jumba la Maajabu, lenye nguzo za chuma na baraza pana zinazotazama bahari. Ndilo linalotajwa kuwa jumba la kwanza Unguja kuwaka taa za umeme, na ajabu zilizompa jina hilo mojawapo ni hiyo.

Msomaji wa Mombasa ana haki ya kuuliza: na sisi? Kwetu Sayyid hakujenga ajabu. Kwetu alileta liwali, askari wa Ngome na mkusanya ushuru. Na yako mengine ambayo wazee wetu hawakuyasahau. Sheikh Ali bin Abdallah Mazrui, mwanachuoni mkubwa wa Mombasa na baba wa Sheikh al-Amin, alifungwa na Barghash Unguja mwaka 1887 kwa ajili ya khitilafu za madhehebu. Hakutoka hadi Barghash alipofariki na Sayyid Khalifa akashika utawala. Mtu mmoja anaweza kuwasha taa njiani na kumtia mwanachuoni kizani. Tukimsimulia, tumsimulie mzima.

Mwisho wake ulikuwa mchungu. Mwaka 1885 Wajerumani walitangaza kwamba nchi za bara, ambazo Barghash alizihesabu kuwa zake, ziko chini ya ulinzi wao. Alipopinga, mwezi wa Agosti manuwari zao zikaja kusimama mbele ya kasri lake. Katika msafara huo alikuwamo dada yake Salme, yule karani wa 1859, ambaye sasa alikuwa mjane wa Kijerumani mwenye jina la Emily Ruete na ambaye kaka yake alikataa kabisa kupatana naye. Barghash aliwategemea Waingereza wamtetee. Waingereza wakakaa na Wajerumani mezani, na mwaka 1886 wakakubaliana baina yao kwamba Sayyid abaki na visiwa na ukanda wa maili kumi tu wa mwambao. Hakuulizwa. Mwezi wa Mei 1887 akaikodisha sehemu yetu ya ukanda huo, kutoka mto Umba hadi Kipini, kwa kampuni ya Waingereza. Huo ndio mlango ambao Mombasa ilipitia kuingia katika ukoloni, na suala la ukanda huo halikufungwa hadi 1963.

Fikiri, ndugu yangu. Katika jumba lenye taa za umeme amekaa mtu anayesoma simu kutoka Ulaya, simu iliyofika kwa saa chache kwa waya alioukaribisha mwenyewe, ikimwambia kwamba nchi yake imegawanywa. Vyombo vyote vya kisasa anavyo, lakini hakuna hata kimoja ambacho mtu wake anaweza kukitengeneza, kukiendesha peke yake, au kukizuia kisigeuzwe juu yake. Afya yake ilikuwa imekwisha haribika. Alikwenda Maskati kutafuta nafuu, akarudi, na akafariki mwezi wa Machi 1888, akiwa na miaka kama hamsini na moja. Mwenyezi Mungu amrehemu na amsamehe, na atusamehe sisi.

Mashine ilimzidi umri. Mwaka 1908, miaka ishirini baada ya kifo chake, Harrali Esmailjee Jeevanjee, mfanyabiashara wa hapa Mombasa, aliichukua jenereta ile ikavuka bahari kuja kwetu, na kampuni ya umeme ya Mombasa ikaundwa ili kukiwashia taa kisiwa. Mwaka huo huo Nairobi nayo ikapata kampuni yake. Mwaka 1922 hizo mbili zikaunganishwa kuwa East African Power and Lighting, ambayo mwaka 1983 ikageuka jina kuwa Kenya Power and Lighting. Kwa hivyo kijana wangu wa Kibokoni, jibu lako ni hili: mfalme wa Unguja aliinunua, mfanyabiashara wa Mombasa akaileta, na Mwingereza akaja kuisajili. Kila mtu pale barazani alikuwa na kipande cha ukweli.

Lakini sikukuandikia haya yote ili ushinde ubishi wa baraza.

Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Umeme umezunguka dunia kwa miaka mia na hamsini na sasa unarudi ulipoanzia, kwa mashine ndogo ya nyumba moja na kwa mkondo wa DC. Paneli ya sola iliyo juu ya bati lako hutoa DC. Betri huweka DC. Taa ya LED, simu, ruta ya intaneti, televisheni, ndani kwa ndani zote hula DC. Taa ya LED ya wati 9 hutoa mwanga wa glopu ya zamani ya wati 60, na ndiyo sababu betri ndogo leo inaweza kulipitisha usiku kucha jumba ambalo zamani lingehitaji injini. Ile inveta ya jirani ina ndani yake vipande vya semikondakta vinavyofunga na kufungua umeme maelfu ya mara kwa sekunde moja, na hapo ndipo ilipo elimu ya umeme wa zama zetu: kuuongoza kwa hesabu bila kuupoteza. Chaja mpya za simu zimekuwa ndogo kama kisanduku cha kiberiti kwa sababu vipande vyake sasa vinatengenezwa kwa galiamu naitraidi badala ya silikoni, navyo hufunga na kufungua kwa kasi zaidi na kupoteza joto kidogo.

Barghash alihitaji jumba, injini na makaa kuwasha taa zake. Wewe leo una zaidi ya alichokuwa nacho, juu ya dari ya chumba kimoja. Swali ni lile lile lililomshinda: je, ndani yake unakujua?

Nikipita mitaani kwetu naona majibu mawili. Jibu la kwanza linanitisha. Betri ya lithiamu imewekwa chini ya ngazi ya mbao, katika nyumba ya mawe yenye boriti za miaka mia, nyaya zimeunganishwa kwa tepu, na ile bodi ndogo inayozuia betri isijae kupita kiasi ama haipo ama imerukwa kwa kipande cha waya kwa sababu ilikuwa inakata umeme kila mara. Ndugu yangu, ilikuwa inakata kwa sababu inakuokoa. Seli ya kawaida ya lithiamu ikisukumwa kupita volti 4.2 hupata joto na inaweza kulipuka moto, na katika vichochoro vya Mji wa Kale gari la zimamoto halipiti. Ongeza chumvi ya hewa ya bahari, ambayo hula viungo vya shaba na kuvifanya vipate moto polepole. Na ile betri ya asidi ya risasi, ukiimaliza kila usiku hadi tone la mwisho, hutaipata mwaka ujao. Isiteremke chini ya nusu. Haya si maajabu, ni mambo ya kujifunza kwa wiki moja.

Jibu la pili linanipa moyo. Ni yule kijana wa kibanda cha simu, mwenye mita mkononi na kioo cha kukuzia jichoni, anayefuata umeme kwenye bodi kutoka kapasita hadi kapasita mpaka akutane na ile iliyokufa. Hakuinunua elimu ile dukani. Anaijua njia ya umeme, na ukimpa bodi asiyowahi kuiona ataisoma. Huyo anafanya kile ambacho kasri zima la Barghash halikuwa na mtu wa kukifanya.

Na wazee wetu waliwahi kuliona hili. Mwishoni mwa miaka ya 1940 Waislamu wa Afrika Mashariki walichanga, Aga Khan, Mabohora na Sultani wa Zanzibar wa zama hizo wakiwemo, ili kijengwe hapa kisiwani chuo cha ufundi kwa vijana wa Kiislamu. Wanafunzi wa kwanza waliingia mwaka 1951. Wazee wanakiita Miome hadi leo. Kikaja kuwa Mombasa Polytechnic, na leo ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Baina ya taa ya Barghash na darasa hilo ilipita miaka sabini na sita. Kizazi kizima kilizaliwa, kikazeeka, na kikafa chini ya taa ambayo hakikufundishwa kuitengeneza.

Tusingoje sabini na sita nyengine. Misikiti yetu mingi sasa inaweka sola, na ni jambo la kheri. Basi kamati inapochanga pesa za paneli na betri, ichange na ada ya vijana wawili wa mtaa kwenda kusomea kazi hiyo, na fundi anayekuja kuweka mtambo awekewe sharti la kuwaonyesha. Madrasa zina nafasi Jumamosi na Jumapili mchana. Mafundi tunao, wengine wamestaafu wanakaa barazani wakicheza bao. Na mwenye nyumba ya zamani amwite mtu anayejua akague nyaya zake kabla hajaongeza betri, asingoje moshi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na kuta zetu za matumbawe hazijengeki upya.

Beit al-Ajaib lenyewe ni shahidi. Siku ya tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya jumba lile iliporomoka, na watu wawili wakafa. Lilikuwa limesimama tangu 1883, likapigwa kwa mizinga 1896 na bado likasimama. Halikuangushwa na adui. Lilianguka likiwa katika matengenezo, baada ya miaka mingi ya nyufa zilizokuwa zikionekana na kila mtu.

Stima zilirudi usiku ule saa nne kasoro. Watu wakapiga kelele za furaha kama kawaida, jenereta zikazimwa, na paka akarudi mlangoni kwake. Yule kijana alikuwa bado ameshikilia simu yake, anatazama inveta ya jirani kwa dirisha, akaniuliza ndani yake mna nini. Nilimwambia aje kesho baada ya Alasiri, tuifungue.